MiG-21 Mezani: Kasoro Unayoiona na Hatua Ilikozaliwa

Mtu akimaliza modeli ya ndege ya kivita na kukuta kasoro, wa kwanza kulaumiwa huwa rangi, maana ndiyo inayoonekana. Mimi najenga ndege hizi nyumbani Dar es Salaam, na kasoro nyingi nilizokutana nazo hazikuzaliwa kwenye rangi. Zilizaliwa siku ya gundi, au siku niliyokosa subira na msasa, na rangi ikaja tu kuzitangaza. Kwa hiyo kila ninapoona dalili, najiuliza kwanza ilianzia hatua gani, kisha ndipo nashika zana. Ukitibu juu wakati ugonjwa uko chini, utapaka rangi mara tatu na kasoro itarudi mara tatu.

Nitatumia MiG-21 kama mgonjwa wetu. Ndege hii ilijengwa kwa zaidi ya 10,000 na karibu kila kampuni ya modeli imewahi kuitoa. Pia si ngeni kwetu. Uganda ilikuwa nayo, na baadhi ya zile za Uganda ziliharibiwa na makomando wa Israeli uwanjani Entebbe Julai 1976. J-7 za Kichina za JWTZ nazo ni uzao wake. India iliirusha kuanzia 1963 hadi Septemba 2025. Lakini sababu yangu kubwa ni kwamba haina huruma kwa mjenzi. Kiwiliwili chake ni bomba la mviringo, kwa hiyo mshono wa juu na wa chini hauna pa kujificha. Pua yake iko wazi. Na nyingi zilirushwa zikiwa na sura ya chuma kitupu, sura inayofichua hata mkwaruzo wa unywele.

Vipimo nitakavyovitaja ni vya skeli ya 1/48, yaani kila kipimo cha ndege halisi kimegawanywa kwa 48. Mabawa ya ndege halisi yana mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha, hivyo kwako mezani ni milimita 149. Kama unajenga ya 1/72 utapata milimita 99 tu, na kila kosa la nusu milimita litaonekana kubwa zaidi.

Pua inapanda, mkia unagonga meza

Chanzo ni kimoja tu: uzito ulio nyuma ya magurudumu makuu umezidi ulio mbele. Ndege halisi ina rada ndani ya koni ya pua na vifaa vingi mbele ya rubani. Modeli ina koni tupu ya plastiki.

Kabla ya kufunga kiwiliwili, shikiza nusu mbili kwa tepu, weka mabawa na mkia bila gundi, kisha laza tumbo juu ya penseli mahali hasa magurudumu makuu yatakapogusa ardhi. Ongeza uzito puani mpaka pua ishuke yenyewe, halafu ongeza tena kidogo, kwa sababu rangi, puti ya kujazia mianya na vipande vya mkiani bado havijaja. Mimi natumia chubwi za wavuvi, zile ndogo za mshipi, za metali ya risasi. Zinapatikana kwa bei ndogo na zinakatika kwa koleo. Jaza koni kwanza, kisha nafasi za pembeni mwa chumba cha gurudumu la mbele. Usiweke uzito nyuma ya kiti cha rubani kwa sababu tu pana nafasi. Kila sentimita unayorudi nyuma inakudai chubwi zaidi, na miguu ya plastiki ndiyo itakayobeba mzigo huo wote.

Hapa pana kosa ambalo hujitokeza baada ya miaka. Usigandishe chubwi kwa gundi nyeupe ya mbao. Risasi iliyofungiwa pamoja na gundi hiyo huota unga mweupe, na unga huo huvimba. Modeli iliyokaa kabatini kwa amani inaanza kupasuka mshono wa pua bila kuguswa na mtu. Ukiona ufa umefunguka wenyewe kwenye pua ya modeli ya zamani, hicho ndicho cha kushuku kwanza, na tiba ni kuifungua, kutoa risasi yote na kuanza upya. Tumia supaglu au gundi ya epoksi ya kuchanganya. Na nawa mikono ukishashika risasi, hasa kama kuna watoto nyumbani.

Kama ndege imeshafungwa na bado inakaa kitako, toboa dari ya chumba cha gurudumu la mbele, ingiza vipande vidogo vya risasi pamoja na epoksi, uilaze pua ikiwa chini mpaka ikauke. Tundu litafichwa na mlango wa gurudumu.

Mshono ulioufuta umerudi

Hili ndilo tatizo linalokatisha watu tamaa kuliko yote. Umesaga, umepaka, ndege imependeza. Baada ya wiki mbili mstari unaonekana mgongoni kutoka kanopi, yaani kioo kinachomfunika rubani, mpaka mkiani. Usikimbilie puti. Pitisha ukucha juu ya mstari kwanza, kwa sababu mshono hurudi kwa sura tatu na kila sura ina chanzo chake.

Ukucha ukishuka kwenye mfereji, plastiki imenywea. Gundi ya modeli haigandishi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili za plastiki ya polistirini ili ziungane kuwa kitu kimoja. Kiyeyushi hicho hutoka polepole, na kinapotoka, plastiki iliyolainika inashuka. Ukisaga keshoyake, umesawazisha plastiki ambayo bado imevimba, na siku za mbele itazama. Puti nene hufanya vivyo hivyo. Tiba ya mfereji ni kungoja kwanza, siku mbili au zaidi, kisha kuujaza kwa tabaka jembamba la supaglu na kusaga ndani ya saa moja.

Ukucha ukipanda juu ya tuta, kosa ni la supaglu iliyoachwa ikakomaa. Siku ile ile inasagika sawa na plastiki. Ikilala siku kadhaa inakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa unakula kandokando huku katikati pakibaki palepale. Unapata kijimwinuko chenye mabonde mawili pembeni. Kidole ndicho kinachozidisha kosa hili, kwa sababu ni laini na hufuata bonde. Kunja msasa namba 400 juu ya kifutio kigumu cha shule, saga kwa kukatisha mshono, si kwa kuufuata, kisha endelea na 600, 1000 mpaka 2000.

Ukucha ukikwama kwenye ufa mwembamba kama unywele, kiungo hakikushika. Mara nyingi nusu mbili zilikuwa na kinyongo, yaani kipande kimoja kilipinda na wewe ukakilazimisha kwa mpira au tepu. Ulipoondoa tepu, plastiki ikaanza kurudi ilikotoka. Fungua ufa kwa wembe, gusa gundi nyembamba ya maji iingie yenyewe, bana, na safari hii uache siku tatu. Kipande kilichopinda hunyooshwa kabla ya gundi: kizamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka, kinyooshe kwa vidole, kisha kitie kwenye maji baridi. Maboksi yaliyosafiri au kukaa ndani ya gari juani huja na vipande vya namna hii.

Njia bora ya kufunga bomba la MiG-21 tangu mwanzo ni kupaka gundi nyembamba, kusubiri sekunde chache, na kubana mpaka ushanga mwembamba wa plastiki iliyoyeyuka utokeze kwa urefu wote wa mshono. Ushanga huo ndio puti yako. Ukikauka vizuri unaukwangua kwa wembe na hauhitaji kitu kingine.

Na usiamini jicho lako kwenye plastiki tupu. Puliza rangi ya fedha juu ya mshono kama mtihani. Praima ya kijivu, ile rangi ya msingi, inasamehe, fedha haisamehi.

Bawa moja liko juu kuliko jingine

Mabawa ya MiG-21 yana umbo la pembetatu, ukingo wa mbele umelala nyuma kwa nyuzi 57, na yanashuka kuelekea nchani kwa nyuzi 2. Kwa 1/48 ncha inashuka kama milimita 2 tu chini ya shina. Ni kidogo sana, na kwa sababu hiyo watu wengi huyagandisha yakiwa yamenyooka kabisa au, vibaya zaidi, yakiinuka.

Iangalie ndege kutoka mbele, macho yakiwa usawa wa meza, na upime kwa rula kutoka kila ncha hadi mezani. Tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya ionekane mgonjwa. Chanzo cha kawaida ni kuacha bawa likauke bila kushikiliwa. Kata mhimili wa kadibodi ngumu wenye pembe sahihi, laza ndege juu yake, uache usiku kucha.

Kukiwa na pengo kati ya shina la bawa na kiwiliwili, jaza kwa puti ikiwa umeshindwa kabisa njia nyingine. Mara nyingi pengo linatokana na kiwiliwili kubanwa sana siku ya kukifunga, kikawa chembamba. Kata kijiti kutoka kwenye fremu ya vipande, kiingize ndani kama boriti kisukume kuta nje, na pengo litajifunga. Pembe ile kali ya bawa na mwili ikishajazwa puti na kusagwa hairudi tena kuwa kali.

Mkuki wa pua umevunjika

Utavunjika. Bomba lile refu la kupimia mwendo hupigwa na mkono wa shati kabla ya yote. Badala ya kuliunganisha kila wiki, likate mwanzoni na uweke sindano mpya ya hospitali iliyokatwa ncha, au kipande cha waya wa gitaa. Angalia tu toleo lako: kwenye F-13 ya mwanzo bomba liko chini ya mdomo wa pua, kwenye PF na zilizofuata limehamia juu. Liweke mwisho wa kazi yote.

Kanopi imeingia ukungu au nyufa

Ukungu mweupe ndani ya kioo unaletwa na mvuke wa supaglu. Hata kama hukuigusa kanopi, ukifunga kiwiliwili leo kwa supaglu nyingi na kubandika kioo jioni, mvuke hauna pa kutokea na utatua kwenye kioo. Nyufa ndogondogo kama utando wa buibui ni kazi ya gundi ya kuyeyusha au thina kali. Ukungu unaondoka: toa kanopi, isugue kwa msasa namba 2000 wenye maji, kisha kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini, mwisho ichovye kwenye vanishi ya maji inayong'aa. Nyufa haziondoki, ziko ndani ya plastiki yenyewe. Gundi nyeupe, ileile niliyoikataza kwa risasi, ndiyo sahihi kwa kioo. Ikikauka haionekani na haitoi mvuke unaodhuru.

Ukitaka kuiacha wazi, kumbuka kwamba kanopi ya F-13 inafunguka ikiwa na kioo cha mbele pamoja, bawaba ikiwa mbele. Kwenye matoleo ya baadaye, MF na bis, kioo cha mbele kimebaki mahali pake na kanopi inalala upande wa kulia wa rubani. Nimeona modeli zilizopakwa kwa ustadi mkubwa zikiwa na kosa hili.

Sasa rangi yenyewe

Zipo kasoro ambazo kweli ni za rangi, na hali yetu ya hewa ya pwani inazipa nafasi.

Rangi ikikauka na sura ya unga mweupe kama vumbi la chaki, hasa rangi nyeusi na vanishi inayong'aa, ni unyevu. Rangi za laka zina kiyeyushi kinachoruka upesi. Kinaporuka kinapoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewani unatua humo kama umande kwenye chupa ya soda. Wakati wa masika hili hutokea karibu kila siku. Habari njema ni kwamba linatibika: changanya thina na kipunguza-kasi cha kukauka, puliza ukungu mwepesi juu ya eneo lile, na weupe utafunguka wenyewe. Usiongeze rangi juu ya weupe, utaufungia ndani.

Uso ukiwa na chenga kama msasa, kinyume chake kimetokea. Tone la rangi limekauka likiwa bado hewani. Sababu ni joto, umbali mkubwa, presha kubwa au thina kidogo. Sogeza brashi ya hewa, kile kifaa cha kupulizia rangi kwa hewa ya kompresa, mpaka sentimita 7 au 8, shusha presha iwe karibu na 15 psi, ongeza thina mpaka rangi iteleze kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa. Kopo la spreyi lina nguvu zaidi, kwa hiyo lishike sentimita 20 hivi, na usianzie kupuliza juu ya modeli. Anzia hewani, pita, malizia hewani.

Kwa hiyo mkazi wa pwani amebanwa katikati: alfajiri kuna unyevu, mchana kuna joto. Mimi hupuliza saa nne asubuhi, umande ukiwa umeondoka na jua halijawa kali. Feni izimwe kabla, si kwa sababu ya upepo tu bali kwa sababu ya vumbi. Dirisha liwe wazi, barakoa ya kuchuja mvuke iwe usoni, na jiko lolote la mkaa au gesi liwe mbali na chumba hicho.

Dalili iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuielewa ni vidimbwi vidogo vya mviringo, rangi ikikimbia katikati kama jicho la samaki. Niliosha modeli kwa sabuni, nikavaa glovu, nikabadilisha praima, macho yakarudi. Fundi mmoja wa kupaka magari wa Gerezani ndiye aliyenifumbua. Hakuiangalia hata modeli.

"Kompresa yako ni ya mota ya friji?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi hewa yako ina mafuta, kijana wangu. Puliza kwenye karatasi nyeupe, hesabu mpaka mia, kisha iangalie kwenye mwanga."

Karatasi ilikuwa na doa la mafuta katikati. Kompresa za friji tunazoundiwa na mafundi wetu zina sifa kubwa ya kutopiga kelele, lakini mota ile inaogelea kwenye oili, na sehemu yake hupanda na hewa. Chujio la mafuta na maji kati ya kompresa na mpira lilimaliza tatizo, pamoja na tangi dogo linaloipa hewa muda wa kupoa. Kama brashi inatema matone ya maji baada ya dakika kumi za kazi, dawa ni hilohilo chujio. Kwa macho yaliyokwisha kutokea, acha rangi ikauke kabisa, saga, futa mafuta kwa spiriti, anza upya.

Plastiki ikionekana imekwaruzika au kuchacha chini ya rangi, na mikwaruzo ya zamani ikafumuka, ni thina ya dukani ya rangi za magari. Ni kali mno kwa polistirini. Ijaribu kwenye kipande cha fremu kabla ya kuisogeza karibu na ndege. Rangi ikitoka na tepu, tazama upande wa nyuma wa rangi iliyobanduka. Ukiwa unang'aa kama plastiki, uso ulikuwa na mafuta ya vidole au haukuwa na praima. Rangi ikipasuka katikati ya tabaka zake, ulibandika tepu kabla haijakauka.

Chuma kitupu kinachoonekana kama plastiki iliyopakwa fedha

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana MiG-21 isiyo na rangi za kijani na kahawia ni ndege nzuri mno ikipatiwa.

Rangi ya chuma hufuata kilicho chini yake kwa uaminifu. Ikionekana butu na ya kijivu, msingi ulikuwa butu. Paka kwanza nyeusi inayong'aa, laini kama kioo cha simu, iache siku mbili, na ikiwa ina vumbi isugue kwa msasa wa 4000 wenye maji. Juu yake puliza fedha kwa tabaka nyembamba sana, presha ndogo, ukisimama mapema kuliko unavyodhani. Watu wanaendelea kupuliza wakingoja ing'ae, na kila tabaka la ziada linaongeza chenga na kupunguza mng'ao. Tabaka mbili au tatu zinatosha.

Ikitoa alama za vidole, usisugue. Ni jasho na mafuta, na fedha laini haivumilii msuguano. Vaa glovu za kitambaa tangu nyeusi mpaka mwisho. Ikififia baada ya vanishi, hilo ni jambo la kawaida: vanishi inafunika chembe za chuma. Kwenye fedha ya laka stika, zile alama zinazochovywa majini kisha kubandikwa, hushika bila vanishi ya kwanza, kwa hiyo usiipake.

Modeli ikionekana kama kijiko cha chai, kitu kimoja kinachong'aa kote, kosa si la upakaji bali ni la kutotazama picha. Kwenye ndege halisi paneli hazifanani, na eneo la mkia karibu na mdomo wa injini limeungua na kuwa jeusi lenye kahawia. Funika paneli chache kwa tepu isiyonata sana, ongeza tone la nyeusi au la kahawia kwenye fedha, puliza ukungu. Tepu ipunguze nguvu kwa kuibandika na kuibandua mara kadhaa kwenye kioo safi, si kwenye kiganja, kwa sababu kiganja kinaihamishia mafuta. Vilevile, MiG-21 nyingi zilizofanya kazi miaka mingi zilipakwa rangi ya alumini zikitoka matengenezo, na hizo hazimeremeti. Ukiwa na picha ya ndege ya namna hiyo, huhitaji nyeusi inayong'aa hata kidogo.

Stika zina kivuli cha fedha, au zimevunjika majini

Kivuli kile ni hewa iliyonaswa kati ya filamu na uso wenye chenga. Toboa kwa ncha ya sindano, weka dawa ya kulainisha stika au siki nyeupe iliyozimuliwa, bonyeza kwa pamba. Mara nyingine utarudia mara tatu. Kinga yake ni vanishi inayong'aa kabla ya stika kwenye ndege yoyote iliyopakwa rangi butu.

Stika za boksi la zamani zijaribu kwa kuchovya ile usiyoihitaji. Ikivunjika, pulizia karatasi nzima vanishi ya laka, kisha kata kila stika kwa kufuata ukingo wake. Zilizogeuka njano ziweke ndani ya mfuko wa plastiki na uzibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua kwa siku kadhaa.

Madoa meupe yanayobaki kuzunguka stika baada ya kukauka ni chumvi. Maji ya visima vya Dar mengi yana chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi, kunaizidisha. Tumia maji ya chupa au ya mvua, na madoa yaliyopo yafute kwa kitambaa chenye maji hayo.

Mguu umekatika baada ya kutia wino kwenye mistari

Wino wa mafuta wa kukoleza mistari ya paneli, uliozimuliwa kwa tapentaini au spiriti nyeupe, hupenya mahali ambapo plastiki ina msongo, na miguu ya kutua inayobeba chubwi zote zile ina msongo kuliko sehemu nyingine. Inapasuka yenyewe, bila kuguswa. Paka vanishi kwanza, tumia wino kidogo, usiuache utuame kwenye viungo, na fanya kazi hii ndege ikiwa imelazwa mgongoni juu ya sifongo ili miguu isibebe kitu. Mguu uliokwisha kukatika utoboe pande zote mbili kwa kijisindano, ingiza waya wa shaba wa nusu milimita, gandisha kwa supaglu.

Gurudumu moja likibaki hewani baada ya hapo, usisage gurudumu. Laza kipande cha kioo mezani, kiwe bapa kweli, maana meza nyingi hazijanyooka. Simamisha ndege juu yake ukiwa na gundi ya kuyeyusha ambayo bado haijashika, sukuma mguu taratibu mpaka matairi yote matatu yaguse, pima ncha za mabawa mara nyingine, na uiache hapo mpaka asubuhi.